Shamba Lililomngoja Filister

Filister alikuwa ameshaigeuza kola na alikuwa akisukuma ncha yake kwa mkasi, polepole ili isitoboke, kivuli cha mtu kilipoangukia meza ya cherehani. Aliinua macho haraka. Alipoona ni Mayaka, mpeleka samansi wa korti, vidole vilivyokuwa vimeukaza mkasi vikalegea.

"Usiogope, dada," Mayaka alisema. "Ni mimi na viatu vyangu."

Viatu vyake vilikuwa vimeganda tope hadi kwenye kamba. Truphena, mwenye kibanda, alikuwa amepiga magoti sakafuni akikata kitambaa cha mashati ya shule. Alivitazama vile viatu kabla ya kumtazama mwenyewe.

"Tope jeusi," alisema. "Umetoka Karungu."

"Nimetoka Karungu mara ya pili."

"Na amechukua karatasi?"

Mayaka aliketi juu ya robota la vitambaa bila kukaribishwa. Alikuwa Mkisii mwembamba, mwenye kucheka upesi, na kazi yake ya kupelekea watu habari wasizozitaka ilikuwa imemfundisha kuanza na utani.

"Nitawasimulia. Mara ya kwanza niliambiwa Wesley yuko ziwani. Sawa. Jana nikafika, nikakuta wanaume wawili wanashona nyavu ukutani. Nikauliza, Wesley ni nani? Mmoja akasema, ni huyu mwenzangu, mimi ni Sammy. Yule mwenzake akasema, hapana, mimi ndiye Sammy. Nikawauliza, kwani mama yenu alizaa akina Sammy wangapi? Wakacheka, nami nikacheka. Ningefanya nini? Nimekunywa uji wao nikarudi."

Truphena alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Filister hakucheka. Alikuwa akiwaza kwamba kati ya wale wawili, mmoja alicheka kwa sababu ni mchekeshaji, na mwingine alicheka huku akimhesabia Mayaka hatua za kutoka nje ya boma.

"Sasa tatizo ni hili," Mayaka aliendelea, na sauti yake ikawa ya ofisini. "Siwezi kumtupia mtu karatasi kwa kubahatisha. Katika kiapo changu lazima niandike, mtu huyu nilionyeshwa na fulani anayemfahamu. Hakimu ataniuliza, nani alikuonyesha? Nimemwomba chifu wao, amesema yeye ni jirani, ataishi nao baada ya kesi. Simlaumu. Kwa hivyo umebaki wewe. Twende kesho. Husemi neno. Unanyoosha kidole, mimi natoa karatasi, tunaondoka. Kesi yako ya talaka inatajwa Jumatatu. Kama hajapata samansi, itasukumwa mbele, na hapo sijui mpaka lini."

Filister aliitazama kola iliyokuwa mkononi. Upande mmoja ulikuwa na ncha nzuri, upande wa pili bado ulikuwa umevimba kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Nitakwenda," alisema, ila sauti ilitoka ndogo hivi kwamba Mayaka aliuliza tena.

Alikuwa ameolewa na Wesley mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hawakupata mtoto. Watu wa Karungu walilisema jambo hilo wakiwa wamemwangalia yeye, na hakushangaa, kwa kuwa hata kwao watu wangefanya vivyo hivyo. Hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni panga.

Wesley hakuwa mlevi. Alivua, aliuza, alileta unga nyumbani. Jioni moja, kabla hata mwaka haujaisha, alilinoa panga kwa tupa, akaliweka chini ya godoro upande wake, akalala. Kesho yake Filister alipokuwa akitandika alilitoa na kulisimamisha nyuma ya mlango. Jioni Wesley alilirudisha, na alipokwisha kujifunika alisema neno moja la Kijaluo: "Entie." Maana yake ni kwamba lipo. Tangu siku hiyo alilisema neno hilo kila jioni, kwa upole, kama mtu anayemwambia mkewe mahali chumvi ilipo. Hakueleza ni la nini. Filister hakuuliza. Alijifunza kulala bila kujigeuza.

Alipokwenda kwa chifu, aliulizwa, "Amekukata?" Akajibu hapana. "Amekutishia kwamba atakukata?" Hapana, hajasema hivyo. "Basi mama, panga si lazima likae mahali fulani?" Wazee waliokuwepo walicheka kidogo, bila ubaya. Chifu alikuwa ameuliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza, na majibu yote yalikuwa ya kweli, na yote yalimsaidia Wesley.

Asubuhi moja aliuacha mtungi kando ya njia ya ziwani akaondoka. Kwa baba yake, upande wa Asumbi, hakufukuzwa. Lakini binti aliyeolewa kwa ng'ombe hawezi kurudi kulala ndani ya boma la baba yake kana kwamba hakuolewa, kwa hivyo alilala katika jiko la jirani, na baba yake alikuja kila asubuhi kumsalimia akiwa amesimama nje, macho yake chini. Kisha akahamia kwa shangazi yake mjini Homa Bay. Huko Wesley alitokea. Hakupiga hodi. Alisimama ng'ambo ya barabara akitafuna muwa, siku nzima, na siku iliyofuata tena, mpaka shangazi akaanza kuogopa kufungua dirisha. Ndipo Filister alipokuja Suna, kwa Truphena aliyekuwa akitafuta mtu wa kushona kola. Kila kitanda alichokilalia tangu hapo, alikipapasa kwanza chini ya godoro.

Karani wa korti ndiye mtu wa kwanza aliyeliandika neno "panga" bila kuuliza limemkata nani.

"Nisikilize," Truphena alisema Mayaka alipokwisha kupewa chai. Alikuja akasimama mbele ya cherehani. "Huu ni mwezi gani?"

"Wa nne."

"Mvua imeshika. Unajua wanakungojea nini kule."

Filister alijua. Mayaka hakujua, na Truphena akamgeukia.

"Kwetu sisi Wajaluo mama mwenye boma ndiye anayepanda kwanza. Akimaliza, inapanda nyumba ya mwana wa kwanza. Kisha wa pili. Haurukwi mstari. Huyu hapa ni mke wa mwana wa kwanza. Yule Sammy, Sammy wa kweli, ni mdogo mtu, na mkewe Phanice hawezi kutia mbegu ardhini kabla ya huyu. Akitia, ni chira. Watoto wake watakonda mpaka waishe, na hakuna daktari atakayejua ni nini."

"Na wewe unaamini hayo?" Mayaka aliuliza.

"Mimi ninaishi Suna, nanunua unga dukani. Hujaniuliza swali la maana. Uliza kama Phanice anaamini." Alimgeukia Filister tena. "Wewe mbegu moja tu ikitoka mkononi mwako ikaingia shamba lile, umerudi. Umefungua nyumba yako. Hata uende korti ngapi, wazee watasimama mbele ya hakimu waseme, mwanamke huyu ni wetu, amepanda kwetu mwaka huu. Na hawatakuwa wamesema uongo. Kwa hivyo usishike jembe. Usiingie nyumba yako hata kama umesahau kitu cha dhahabu. Usile chochote."

"Hata maji?" Mayaka aliuliza.

"Wewe kunywa ziwa lote ukitaka, Mkisii. Nazungumza na mke wa watu."

Filister hakulala vizuri usiku ule, na asubuhi alijikuta amevaa nguo nyingine, ya kijivu, kana kwamba rangi ingeweza kumficha.

Kutoka barabarani mpaka kwenye boma la akina Wesley njia ilipita kando ya mashamba. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na wanawake walikuwa wakipalilia. Wengine waliinua mikono kumsalimia, wengine wakasimama tu na majembe yao wakimtazama akipita na mwanamume mgeni mwenye mkoba.

Kisha aliliona shamba. Ukanda wa kwanza, wa mama mkwe wake Phelesia, ulikuwa wa kijani. Uliofuata ulikuwa mtupu: udongo mweusi uliolimwa na kusawazishwa, na magugu yameanza kuuchungulia. Huo ulikuwa wake. Ulioufuata ule, wa Phanice, ulikuwa mtupu vilevile. Mtu yeyote aliyepita barabarani aliweza kuona nyumba ipi ilikuwa ikizuia nyumba ipi.

"Nitasimama langoni," alimwambia Mayaka. "Siingii."

"Simama popote. Kidole hakina mipaka."

Lango lilikuwa nafasi tu katika ua wa minyaa. Filister alisimama upande wa nje, mahali ambapo udongo ulikuwa umekanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu.

Phanice ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa akifua, mtoto mgongoni. Aliacha nguo katika karai akapiga kigelegele cha furaha ya kweli.

"Mama! Mama, njoo! Nyieka wangu amekuja!"

Wake wa ndugu huitana hivyo, kama wake wenza. Phanice alimshika mikono yote miwili, akacheka, akamfuta Filister vumbi begani ambalo halikuwepo. Kisha akamwona Mayaka, akautambua ule mkoba, na kicheko kikapungua.

"Huyu si yule wa juzi?"

"Ndiye," Filister alisema. "Wanaume wako wapi?"

"Ziwani. Wataitwa." Aliita mtu upande wa pili wa ua, akarudi. "Lakini umekuja. Si umekuja?"

Phelesia alitoka nyumbani kwake akiwa amebeba ungo kwa mikono miwili. Alitembea polepole, akauweka ungo chini, hatua moja ndani ya lango. Ulikuwa na mahindi ya mbegu, makubwa, yenye rangi ya moshi wa jikoni ambako yalikuwa yametundikwa tangu mavuno.

"Nyar Asumbi," alisema, yaani binti wa Asumbi. "Umekonda."

"Shikamoo, mama. Sijaja kupanda."

Phelesia alitikisa kichwa kana kwamba amesikia salamu tu. "Mbegu hii nilikuchagulia mwenyewe. Nilitoa zote zilizotobolewa na wadudu."

"Mama, nimekuja na mtu wa korti. Nikishamaliza naondoka."

"Korti iko mbali," Phelesia alisema. "Mvua iko hapa."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mwanamke aliyewahi kuzika watoto wawili kabla ya Wesley, na kila mtu bomani alijua kwamba hupima kila jambo kwa vifo vile. Mayaka alipewa kigoda. Alipewa na uji, akamtazama Filister, kisha akaunywa.

Phanice alichuchumaa karibu na ungo. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, ili Mayaka asielewe.

"Nyieka, mimi sijui ya ndani kwenu. Nyumba zetu zinatazamana. Jioni nilikuwa nasikia tupa ikisugua chuma, nikajiambia ni mvuvi, ananoa kisu chake. Nilikuwa najua si kisu. Nisamehe. Lakini nina watoto watatu. Mwezi wa nane watakula nini? Wanawake wote wamepanda. Mimi nafua nguo ambazo nimeshazifua. Tupa konzi moja. Konzi moja tu, halafu urudi kwako, uende na korti yako, mimi sitakuzuia."

"Nikitupa konzi moja nimerudi, Phanice. Unajua."

"Najua." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Najua, na bado nakuomba. Utanionaje?"

Filister hakumwona vibaya. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amejiandaa kukataa watu wabaya. Konzi moja ya mahindi ingechukua muda wa pumzi mbili, watoto watatu wangekula, na yeye jioni angelala tena upande wa ukutani, bila kujigeuza, akingoja lile neno. Alihisi mkono wake wa kulia ukiwa mzito, kana kwamba umeshafanya.

Hapo kuku akaja. Alikuwa kuku mwenye vifaranga, na kuku wa namna hiyo haogopi mtu. Aliruka ukingo wa ungo, akatia mguu katikati ya mbegu, akaanza kuparua. Filister aliinama, akaingiza mikono ndani ya lango, akaunyanyua ungo na kuubana kiunoni, akisema, "Shii!" Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, kwa mama yake, kwa shangazi yake, katika boma hili hili. Mikono ilifanya kabla kichwa hakijajua.

Alipoinua macho, Phanice alikuwa amefunika mdomo. Phelesia alikuwa amefumba macho, midomo yake ikisogea.

Mbegu kadhaa zilikuwa zimedondoka. Zilikuwa pale langoni, kwenye udongo mgumu, karibu na vidole vya miguu yake. Je, hapo ni shamba? Je, ardhi ya lango huhesabiwa? Hakumwuliza mtu. Aliogopa kujibiwa. Wote walizitazama zile mbegu, hata Mayaka, na kuku akarudi, akazidonoa moja baada ya nyingine, akaita vifaranga vyake waje kuona kama kuna nyingine.

"Aa," Phelesia alisema, na haikujulikana kama ameshukuru au amehuzunika.

Filister alibaki na ungo kiunoni. Kuuweka chini hakuthubutu sasa, asije akamwaga tena. Kuondoka nao hakungewezekana. Ndipo Wesley na Sammy walipotokea kwenye njia ya ziwani, wameushika wavu kila mmoja upande wake.

Walikuwa wa kimo kimoja, weusi kwa jua, mashati yamelowa. Mtu mgeni asingewatofautisha. Wesley alimwona Filister, akauona ungo, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo mtu yeyote angeliita zuri.

"Umekuja kupanda," alisema.

Mayaka alisimama. Aliweka kikombe chini, akafungua mkoba. "Habari zenu. Leo namtaka Wesley, na leo sinywi uji mara ya pili."

"Mimi ni Sammy," Wesley alisema.

Sammy alikunja upande wake wa wavu. Alimtazama mkewe, akatazama chini. "Na mimi ni Sammy," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Dada?" Mayaka aliuliza.

Wesley hakusogea. Alimtazama Filister tu, kisha akasema kwa sauti ileile ya jioni, ya chini, ya upole, "Entie."

Mayaka hakulijua neno lile, na hata angelijua lisingemwambia kitu. Phelesia hakugeuza kichwa. Ni Phanice peke yake aliyeshtuka, mtoto akalia mgongoni kwake.

Mbegu zilianza kutikisika katika ungo. Zilitoa sauti kama manyunyu ya mvua kwenye majani makavu, na Filister alizisikia kabla hajatambua kwamba ni mikono yake. Alitaka kunyoosha kidole. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ungo, na akili yake haikuona njia ya kuutoa mmoja. Alifikiri: nikiuachia, zitamwagika ndani ya lango. Alifikiri: nikisema jina lake kwa mdomo tu, atasema mimi namaanisha mwingine. Alifikiri juu ya njia ya kurudi barabarani, na minyaa iliyosongamana pande zote mbili. Wesley alipiga hatua moja, akauachia wavu.

Filister alimgeukia Phanice. Aliunyoosha ungo mbele, mikono imekakamaa.

"Shika," alisema.

Phanice hakuushika. "Nyieka..."

"Shika. Mimi si wa mbele yako tena. Nimesema mbele ya mama, na mbele ya mtu wa serikali. Nyumba ile sipandi mwaka huu wala mwingine. Shika, mikono yangu inachoka."

Phanice alimtazama mama mkwe wake. Wote walimtazama. Phelesia alikuwa akitazama shamba, ukanda wake wa kijani na kanda mbili nyeusi zilizoambatana nao. Alichelewa hivi kwamba Filister alihisi ungo unateleza.

"Pokea," Phelesia alisema.

"Mama!" Wesley alisema.

"Pokea, nimesema. Ng'ombe hawajarudishwa, najua. Wazee wataniuliza, nao wana haki. Sijui kama ninafanya sawa. Kama ni kosa, linifuate mimi, nimeshazeeka. Lakini sitakaa nikitazama watoto wa Sammy wakingojea mwanamke ambaye akiona nyumba yake anatetemeka hivi." Alimgeukia mwanawe. "Mimi pia nina masikio, Wesley. Tupa yako ina kelele."

Phanice akaupokea ungo. Mkono wa Filister ukabaki hewani, mtupu, mwepesi mno. Alinyoosha kidole. Kwanza kilielekea ardhini, kisha kwenye wavu, kisha kikapanda na kusimama kwenye shati lililolowa.

"Ni huyu," alisema. "Huyu ndiye Wesley. Yule ni Sammy."

Mayaka alikuwa mwepesi. Kabla neno la mwisho halijatua, alikuwa amemsukumia Wesley karatasi kifuani. "Umeonyeshwa na umepokea. Jumatatu, Migori, asubuhi." Wesley hakuinua mkono. Karatasi iliteleza, ikaanguka kwenye wavu wenye tope. Sammy aliinama, akaiokota, akaipangusa kwenye kaptura yake, akamnyooshea kaka yake.

"Chukua," alisema bila kumtazama usoni. "Chukua iishe."

Wesley aliichukua. Aliikunja kwa uangalifu, mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati. Alipomtazama tena Filister lile tabasamu lilikuwepo.

"Jumatatu," alisema. "Nitafika mapema."

Walitembea hadi barabarani bila kukimbia, kwa sababu Mayaka alisema wasikimbie. Filister aligeuka nyuma mara nyingi. Hakuna aliyewafuata. Gari halikuwepo, wakasimama kungoja chini ya mbingu iliyokuwa imeanza kujaa tena upande wa ziwa.

"Umefanya vizuri," Mayaka alisema. Hakufanya utani. Alihangaika kuufunga mkoba. "Mke wangu akiniuliza leo nilikuwa wapi, nitamwambia nilikuwa ofisini."

"Jumatatu atakaa karibu nami kortini?"

"Kuna askari mlangoni. Nitamwambia akae katikati yenu."

"Na kutoka kortini hadi Suna?"

Mayaka alifikiri. Filister alishukuru kwamba hakujibu haraka. "Hilo sijalipangia," alisema. "Tutalifikiria. Kesho uje ofisini, niandike kiapo ukiwepo, unisomee majina nisikosee. Bila kiapo, ya leo ni kama hatukuja."

Kutoka pale barabarani shamba lilionekana lote. Phanice na Sammy walikuwa wamefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi katika ukanda wao. Sammy alipiga jembe, Phanice alifuata nyuma akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu, mtoto akiyumba mgongoni. Walifanya haraka kama watu wanaoiba. Phelesia alikuwa ameketi kwenye kigoda alichokuwa amekikalia Mayaka, akiwalinda, uso ameuelekeza barabarani, kana kwamba wazee wangeweza kutokea wakati wowote. Katikati, kati ya mahindi yake na mistari mipya ya Phanice, ulibaki ule ukanda mmoja mweusi.

Nyuma ya nyumba ya Wesley kulisikika chuma kikisuguliwa kwa tupa. Huenda alikuwa akinoa jembe. Mwezi ule watu wengi hunoa majembe. Filister aliisikiliza sauti ile, kila msuguo, na kila ilipokoma aliacha kupumua mpaka ianze tena.

Matone ya kwanza yalipoanguka Phanice na Sammy walikuwa hawajafika nusu ya ukanda. Phanice alitazama juu, akamwambia mumewe kitu, wakaacha. Sammy alikwenda mwisho wa mstari, akakichomoa kigingi, akakipigilia pale pale mbegu ya mwisho ilipoingia, ili kesho wajue pa kuanzia. Phanice alifunika ungo kwa kanga. Kisha akasimama katika mvua, akatazama barabarani, akauinua mkono mmoja, si juu sana.

Filister naye aliuinua wake. Gari lilikuwa likija kutoka upande wa ziwa, taa zimewashwa, na Mayaka akatoka kwenda kulisimamisha.